Siku Niliyoombwa Kuendesha Vibaya

Nyinyi vijana wa magari makubwa, mnaopita hapa Kawangware na matairi mapana kama tumbo la diwani, hebu zimeni muziki kidogo. Nasikia mnajiita madereva wa milimani. Mna winchi mbele, mna simu inayowaambia pinda kushoto, na juzi mmoja wenu amekwama kwenye tope la hapa hapa mtaani akaanza kupiga picha badala ya kushuka. Sina wivu. Nina magoti mabovu na muda mwingi wa kusema, basi.

Kazi yangu ilikuwa kupeleka watu mahali ambapo gari halikutakiwa kufika. Miaka ya sabini gereji niliyofanyia kazi ilikuwa ya Mzee Kamau, hapa Kawangware. Kamau alikuwa mwenye ploti, mwenye nyumba za kupangisha, mzee wa kanisa, na mwenye Landrova mbili zilizozaliwa kabla ya uhuru. Alizikodisha kwa wapanda milima, kwa watafiti wa majani, na kwa wazungu waliopenda kuvua samaki mahali penye baridi, eti ndiyo starehe. Mimi nilikuwa nimetoka Bungoma, nimepanga chumba Laini Saba kule Kibera, na kila asubuhi nilitembea kwa miguu kuja kazini. Kazi yenyewe mwanzoni ilikuwa chini ya gari. Sisemi karibu na gari, nasema chini. Mafuta ya difu, ile gia ya ekseli ya nyuma, yalinidondokea machoni mpaka mke wangu akaanza kunusa mto kabla ya kulala.

Juu ya gari, kwenye usukani, alikuwa Mzee Rajabu wa Makina, kule kule Kibera. Mzee huyu Mnubi alikuwa ameendesha malori ya jeshi zamani, na alijua kukutukana kwa Kiswahili kizuri mpaka ukamshukuru. Hakuwahi kuniita Wafula. Aliniita Chini. "We Chini, lete spana. We Chini, toka huko nikufundishe kitu, usije ukafa mjinga."

Alichonifundisha kwanza ni mahali pa kuweka kidole gumba. Mnacheka? Usukani wa siku hizo haukuwa na pawa. Tairi likigonga jiwe, usukani unazunguka wenyewe kwa nguvu, na ukiwa umeufumbata na kidole gumba kimeingia ndani, kimekwenda. Mzee aliniambia mara nyingi nikaitikia mara nyingi, kama mnavyoniitikia nyinyi sasa. Halafu siku moja kule Ngong jiwe likanifundisha vizuri zaidi yake. Nilikula ugali kwa mkono wa bendeji wiki kadhaa, na kwetu mtu asiyeweza kubonyeza tonge kwa kidole gumba huyo ni mgonjwa mahututi. Majirani walikuja kunipa pole.

Cha pili kilikuwa kuendesha kwa ulaini. Mzee aliweka yai bichi ndani ya kikombe cha bati mbele ya usukani, na yai likipasuka ulikuwa unalilamba. Ndiyo, unalilamba. Nililamba mengi. Lakini baada ya mwaka wa mayai mtu anajifunza kuliona shimo kabla shimo halijamwona, anajifunza kuachia klachi polepole, na kushuka kutembea njia kwa miguu kabla ya kupitisha gari. "Barabara inasomwa kwa nyayo," alikuwa akisema. Mimi nikawa laini kiasi kwamba abiria walilala kila Mzee aliponiachia usukani, na nilijivunia jambo hilo kuliko cheti changu cha shule.

Basi ikaja safari ya samaki.

Juu ya Mlima Kenya, upande wa Chogoria, kuna ziwa dogo katika nyika ya baridi, juu kabisa ya msitu. Wenyeji wana jina lao na wazungu walikuwa na lao. Sisi wa gereji tuliliita Karai, kwa sababu limekaa hivyo. Idara ya samaki ilitaka kupanda trauti wadogo ndani yake, vifaranga wa urefu wa kidole, na afisa aliyeitwa Bwana Mutua akaja kukodi gari. Safari kama hiyo ilikuwa ya Mzee Rajabu bila mjadala. Lakini wiki hiyo kiuno kilikuwa kimemfunga, hata kusujudu alisujudu akiwa kwenye kiti.

Mzee Kamau alikuwa na mpwa aliyeitwa Ndung'u. Ndung'u alikuwa na leseni na miwani ya jua, na tope alikuwa akiliona kwa mbali. Mzee Rajabu alikuwa amezeeka, na Kamau alitaka sana usukani wake uingie kwenye ukoo. Rajabu akamwambia, mbele yangu, kwamba Ndung'u hawezi kupandisha hata mkojo mlimani. Mimi ndiye nipewe. Wakavutana pale uani mpaka Kamau akanigeukia.

"Wafula, sikiza. Hiyo samaki ikifika juu ikiwa hai, hiyo usukani ni yako. Ikikufa, Ndung'u achukue gari, na wewe urudi huko chini. Tumesikizana?"

"Tumesikizana, Mzee."

Nawaambia ukweli, niliogopa. Niliutaka ule usukani kuliko kitu chochote nilichowahi kutaka, ukiacha mke wangu, na hata yeye nilimpata akidhani mimi ni dereva. Sikutaka kuzeeka chali, nikitazama matumbo ya magari ya watu.

Tatizo la kwanza likawa msaidizi. Tanboi wetu alikuwa amekwenda kwao kuzika. Nikafikiri kwa akili zangu zote: tunabeba mitungi ya maziwa iliyojaa maji na samaki. Kibera nzima, nani anajua kubeba maji? Jibu lilikuwa shemeji yangu, Okumu, kaka wa mke wangu, muuza maji wa Laini Saba. Okumu alikuwa akivusha mkokoteni wa madebe juu ya reli bila kumwaga tone. Wale mliozaliwa na mfereji ndani ya nyumba hamwezi kuelewa. Kule kwetu maji yalipangiwa foleni na kulipiwa, na mtu akiyamwaga njiani watu walisimama kumwangalia kama aliyeangusha mtoto. Okumu alifunika kila mdomo wa debe kwa karatasi ya nailoni, akakaza kwa blada, yale mapande ya mpira wa tairi ya baiskeli, na wateja wake walimheshimu kwa hilo.

"Shem," nikamwambia, "ni maji tu. Lakini ina samaki ndani."

"Maji ni maji," akasema Okumu. "Samaki atajipanga."

Tulichukua mitungi alfajiri kwenye kituo cha kuzalishia samaki, upande ule mwingine wa mlima. Bwana Mutua alikuwa kijana mwembamba, mpole, aliyewapenda wale samaki waziwazi. Aliongea nao. Kabla ya kuondoka alitusimamisha wote wawili nyuma ya gari.

"Hawa wanapumua hewa iliyo ndani ya maji," akasema. "Maji ikitingika, hewa inaingia. Ikitulia, wanakufa. Kwa hivyo mfuniko tunaweka juujuu tu, tusikaze. Maji itamwagika kidogo, hakuna shida, tutaongeza ya mto. Na tusisimame ovyo. Sawa?"

"Sawa," nikasema.

"Sawa," akasema Okumu, lakini pale aliposikia maji kumwagika hakuna shida, niliona uso wake ukibadilika.

Mutua akakaa mbele nami. Okumu akakaa nyuma na mitungi, chini ya turubai. Nikaendesha. Jamani, niliendesha! Nilizunguka mlima mpaka Embu kama nimebeba bibi harusi. Nilikuwa nasubiri Mutua anisifu, na kweli, akaanza kunitazama, akatazama barabara, akanitazama tena.

"Dereva," akasema, "wewe unaendesha vizuri sana."

"Asante, bwana."

"Hapana, nakuomba uache. Maji imetulia sana. Endesha vibaya kidogo."

Nilidhani ananitania. Nikamwangalia. Alikuwa na uso wa mtu anayeomba dawa dukani. Sasa fikirini: mwaka mzima nimelamba mayai ili niwe laini, na siku ya mtihani naambiwa ulaini ni sumu. Nikajaribu. Nikagonga shimo moja kwa haya, nikamwomba radhi. Kwenye lami haikuwa na maana sana, na mimi moyoni nilikataa. Nikajiambia njia ya msituni itatingisha yenyewe.

Chogoria tulisimama kujaza petroli. Mutua akaingia kunywa chai, nami nikafungua boneti. Nyuma nikasikia Okumu akihangaika na mitungi. Nikadhani anaongeza maji. Kumbe shemeji yangu alikuwa amelowa toka shingoni mpaka soksi, na njia nzima kutoka Embu, mahali lami ilipoishia, alikuwa ameona maji yakiruka nje ya mitungi yakipotea barabarani, na roho ya muuza maji ikawa imemshinda. Alitoa nailoni mfukoni. Alitoa blada. Akafunga kila mdomo kazi safi kabisa, akaweka mifuniko juu, akakaa.

Hayo sikuyajua. Tukapanda msituni.

Njia ya kule ni tope jekundu, halafu tope jeusi, halafu mianzi imelala njiani kwa sababu ndovu amepita. Nilifunga minyororo kwenye matairi, nikaweka gia ndogo, nikashuka kutembea kila bonde kwanza. Lakini palikuwa na mahali karibu na kijito ambapo nyayo zangu zilinidanganya. Juu palikuwa pakavu, chini palikuwa uji. Landrova ikazama mpaka tumboni ikatulia.

Mutua akaruka nje. "Tusisimame! Tusisimame!" Akakimbilia nyuma, akapandisha turubai. Nikazunguka kwenda kuona.

Mutua alikuwa ameshika blada mkononi. Okumu alikuwa amesimama kando, kifua mbele, anasubiri kupongezwa.

"Tangu Chogoria," akasema Okumu, "hakuna tone limemwagika. Hata moja, bwana."

Mutua alikata ya kwanza, akakata ya pili. Tukachungulia ndani. Vifaranga walikuwa juu ya maji, wamelala ubavu, midomo ikifunguka na kufungika. Wengine hawakufungua. Mutua akakaa kwenye mzizi wa mti, akashika kichwa. Mimi nikaona ovaroli yangu. Nikaona lile zulia la gunia ninalolalia chini ya gari, na Ndung'u kwa juu na miwani yake akiniambia niharakishe.

Nilitaka kumfokea Okumu, Mungu anajua. Lakini kwetu shemeji hafokewi. Ukimfokea asubuhi, jioni mama mkwe amepata habari huko Butere, na siku hizo hapakuwa na simu. Nikameza. Nikasema tu, "Shem, umewaziba pumzi. Wanataka maji ipigwe, iruke, iingie hewa."

Okumu aliangalia wale samaki muda kidogo. Akavua shati, akachukua debe la kupikia, akachota maji ya mtungi wa kwanza, akaliinua juu ya kichwa chake na kuyaachilia yaanguke. Maji yakaanguka kwa uzi mrefu, yakapiga ndani ya mtungi, povu likapanda. Hakuna tone lililotoka nje. Akachota tena. Akahamia wa pili, akahamia wa tatu, akarudi wa kwanza. Mutua akainuka, akachukua ndoo yetu, akaanza kumfuata, na kuleta maji ya kijito. Walikuwa wakimimina kwa zamu, wakitetemeka kwa baridi wote wawili.

Mimi nikabaki na gari. Na hapa mnisikilize vizuri, kwa sababu mtakwama siku moja mahali pasipo na wa kuwapiga picha. Ukizama, usikanyage mafuta. Tairi likizunguka linachimba kaburi lako. Toa upepo kidogo kwenye matairi yapanuke. Chimba mbele na nyuma, si chini. Kata mianzi uilaze kukingama njia, si kwa urefu, halafu kabla ya kwenda mbele rudi nyuma, maana nyuma umeshapita na unajua pakoje. Nilifanya hayo yote kwa mikono yangu nikiwa nimelala kwenye tope, chini kabisa, na nikacheka peke yangu kwa hasira, kwamba kazi ya chini hainiachi hata mlimani. Landrova ikakohoa, ikarudi nyuma, ikasita, ikatoka.

"Twendeni!" nikapiga kelele.

Juu ya mianzi injini nayo ikaanza kukosa pumzi. Kule hewa ni nyembamba. Petroli inaingia ileile, hewa ya kuichoma haitoshi, na gari linatoa moshi mweusi na kuzubaa. Siku hizi kompyuta inajirekebishia. Sisi tulifungua kabureta na kubadilisha jeti, kile kipande cha shaba chenye tundu la kupimia petroli, tukaweka chenye tundu dogo zaidi. Mzee Rajabu alikuwa amenipa moja, ameifunga kwenye kitambaa. Niliifunga kwa vidole vilivyokufa ganzi huku nyuma nikisikia Okumu akimimina, na sauti ile ya maji ndiyo iliyonifanya nisiiangushe kwenye nyasi.

Halafu nyika ikafunguka mbele yetu, majani ya manjano na mawe, na njia ina mashimo kila mahali. Macho yangu yakaanza kuyakwepa yenyewe. Mutua akaning'inia dirishani kutazama nyuma, akapiga kelele, "Dereva, tafuta shimo! Shimo!"

Nikatafuta shimo. Mungu anisamehe, niliingia kila shimo lililokuwapo, na kwingine nilitoka njiani kulifuata. Niligonga mawe niliyoyaona mapema. Landrova iliruka, vyombo viliruka, Mutua aligonga kichwa akasema "vizuri!" Okumu alikuwa nyuma, mifuniko wazi, maji yakimrukia usoni kwenye ile baridi, na kila nilipopunguza mwendo nilimsikia akilia, "Shem, ongeza! Wanaamka, ongeza!" Nilisikia kitu kikikatika chini ya gari. Nikaendelea. Vidole gumba vyangu vilikuwa nje ya usukani, hicho tu ndicho nilichokiheshimu.

Tulifika Karai jua likingali juu. Ziwa lilikuwa kimya na lenye rangi ya chuma. Nilitaka tumwage samaki mara moja, Mutua akakataa. Akasema baridi ya ziwa ikiwapata ghafla itawaua. Tukaweka mitungi ndani ya maji ya ukingoni mpaka ipoe sawa na ziwa, naye akawa anawachotea ya ziwa kidogo kidogo. Tulisimama pale na viatu vyetu majini. Sijawahi kusubiri kitu namna ile, hata mtoto wangu wa kwanza.

Mwisho akainamisha mtungi wa kwanza. Samaki wakateleza nje, wakalala kwenye mchanga chini ya maji. Hawakwenda. Mutua alinong'ona maneno ya Kikamba. Okumu alifumba macho. Halafu mmoja akatikisa mkia, akapotea. Akafuata wa pili. Ghafla ukingo wote ukawa unatawanyika, vivuli vidogo vikikimbia kwenda kwenye kina. Wengine walibaki pale wamekufa, siwafichi, lakini wengi walikwenda. Nilifurahi mpaka nikaketi ndani ya maji.

Okumu akafumbua macho, akaangalia mtungi wa mwisho ukimiminwa, akaangalia ziwa lote lile.

"Yaani," akasema, "tumebeba maji kutoka huko chini, tunakuja kumwaga kwa maji?"

Mutua alicheka mpaka akashikwa na kizunguzungu, tukamlaza.

Tuliporudi Kawangware, Kamau alikuwa uani, Ndung'u kando yake, na Mzee Rajabu kwenye stuli na kiuno chake. Mutua, mtu mkweli, akatangulia kutoa ripoti. "Dereva wako anaendesha vibaya sana," akamwambia Kamau. "Hakuna shimo aliyoacha. Safari ingine nataka huyuhuyu."

Kamau alisikia nusu ya kwanza. Akamtazama Ndung'u. Ndung'u akavua miwani, tayari kupokea usukani.

"Ngojeni," akasema Mzee Rajabu. Akashuka kwenye stuli, akajilaza chini taratibu huku akiugulia, akaingia chini ya gari. Alikaa huko. Nilijua anachokiona, maana nilikisikia kikikatika. Tulimsaidia kutoka.

"Springi imevunjika," akasema.

Nikaanza kufungua vifungo vya koti, nivae ovaroli.

"Na samaki?" Mzee Rajabu akamuuliza Mutua.

"Wako kwa ziwa, Mzee. Wanaogelea."

Mzee akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole. Kisha akatembea. Alipita mlango wa dereva, akazunguka boneti akijishikilia, akafungua mlango wa kushoto, wa abiria, akapanda, akaketi. Tangu niingie gereji ile sikuwahi kumwona Mzee Rajabu akikaa upande ule. Mikono haikujua pa kwenda, akaiweka magotini. Kamau akamwambia Ndung'u aende alete soda.

Nikapanda, nikawasha, nikampeleka nyumbani. Njia nzima mpaka Makina mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga breki ambayo haikuwapo, lakini mdomo hakuufungua.